Jinsi ya kusoma ripoti ya kamati teule ya Bunge

Usikimbilie majina ya wakubwa, anza na hadidu za rejea, hapo ndo utajua Bunge liliwatuma wachunguze nini. Afu angalia nani alihojiwa na nyaraka gani zilipatikana. Chukua ile ya Richmond ya Tanzania, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100, kamati iliyoongozwa na mbunge Mwakyembe iliundwa Novemba 2007, ripoti ikasomwa Februari 2008 na mwezi huohuo Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu. Ila kamati yenyewe haimfungi mtu wala haifukuzi waziri, inachunguza na kupendekeza, Bunge ndo linapitisha maazimio. Watu wengi wanaishia siku ya kusomwa, inauma kwa kweli. Wewe yaandike maazimio moja moja, kisha fuatilia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, serikali imejibu nini kwa kila moja.