SOMO: Kuvuta karavani (nyumba ya tela inayovutwa na gari) huku Australia, toka Brisbane mpaka Winton, na kulala nyuma ya baa (soma yote ndo uulize)

Kila likizo ikinusa tu inboksi yangu inajaa swali lile lile, "kaka nataka kupeleka familia huko mashambani na karavani, naanzaje?" Nimechoka jamani. Naandika mara moja hapa, ukiniuliza tena nakutumia linki.

1. Msimu: Mei mpaka Agosti. Kiangazi cha huko bara (Desemba mpaka Februari) ni nyuzi 40 na ushee.

2. Leseni ya gari dogo inatosha.

3. Njia. Unashika Warrego Highway, Toowoomba, Roma, ukifika Morven unakata kulia unaingia Landsborough Highway: Augathella, Tambo, Blackall, Barcaldine, Longreach, Winton. Lami mwanzo mwisho. Mpaka Longreach tu ni karibu kilomita 1,200, usijidanganye utafika kesho. Jua likianza kuzama uwe umeshapaki, kangaruu hao hawana mswalie.

4. UZITO. Hapa tulia usome mara mbili. Karavani ina kibati chenye uzito ikiwa tupu na uzito wa mwisho unaoruhusiwa ikiwa imejaa, tofauti ya hizo namba mbili ndo mzigo wako WOTE, na maji yamo. Lita moja kilo moja, matanki mawili ya lita 80 yakijaa kilo 160 zimeshaenda hujaweka hata sufuria. Halafu muuza gari anakwambia inavuta kilo 3,500, sawa, ila kuna kikomo kingine cha gari na karavani kwa pamoja, ukishapakia mke, watoto, mashemeji na friji ya buti ile 3,500 huna tena, angalia kitabu cha gari. Vitu vizito vikae chini, juu ya ekseli, na karibu asilimia 10 ya uzito wa karavani ikalie ile boli ya nyuma ya gari inayovuta karavani. Mimi niliweka jenereta na magunia ya mchele nyuma kabisa, tukavuka mji wa Miles tu likapita lori la matela karavani ikaanza kuyumba kushoto kulia inataka kutugeuza, nikakiona cha mtema kuni. Ikianza kuyumba USIKANYAGE BREKI ya mguu, USIONGEZE mwendo, usipigane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, bonyeza kwa mkono ile swichi ya breki za karavani peke yake. Na kabla hujaondoka pitia mizani ukiwa umepakia kila kitu na watu ndani, sio karavani tupu.

5. Redio ya UHF (redio ya kuongelea ya kwenye gari), chaneli 40, ndo wanayoongelea madereva wa malori. Yale ya matela matatu yanafika mita 53.5, ukitaka kuovateki hakikisha unaona mbele mbali kabisa, la sivyo kaa nyuma yake unywe maji.

6. Baa. Vijiji vingi baa ndo hoteli, ndo mgahawa, ndo kijiwe. Nyingi zinakuruhusu kupaki nyuma bure au kwa hela kidogo, ila piga simu kwanza, na ukilala kwao kula kwao, kupaki bure halafu unapika ugali wako nje ni ukosefu wa adabu. Jiko la usiku mara nyingi ni saa kumi na mbili mpaka saa mbili, ukifika saa mbili na robo utalamba chumvi. Unaagiza kaunta, unalipa kabisa, unapewa namba, bakshishi hawadai. Chukua parmi: kuku kapondwa, kapakwa chenga za mkate, juu sosi ya nyanya na jibini, chipsi zimefukiwa chini yake. Mtu akikununulia bia ujue raundi inayofuata ni yako, usijifanye unaenda msalani. Mwisho wa kilevi kwenye damu ya dereva ni asilimia 0.05, kwa hiyo ukishapaki funguo mpe mke. Ukitaka wazee wa kaunta wafunguke uliza mvua ilinyesha lini.

MASWALI

Kobe_Ipswich: Nina Corolla, itavuta?
Jibu: Hapana.

Kobe_Ipswich: Hata karavani ndogo?
Jibu: Nunua hema.

Mtu_Pwani: Ungeweka majina ya baa zote na bei.
Jibu: Nipige na simu pia? Barcaldine simama Oak Street, zimepangana zenyewe.

Dereva_Mkongwe: Unatisha watu bure, mi navuta kila mwaka na mzigo nyuma.
Jibu: Umepima mizani au umepima kwa macho? Lete karatasi ya mizani tuongee.

BintiUnguja: Shikamoo kaka, sisi Waislamu hatunywi, tuna watoto wawili. Baa itatufaa?
Jibu: Marahaba dada, swali zuri. Upande wa kulia chakula watoto wanaingia na wazazi bila shida, na ukiagiza soda hakuna anayekushangaa. Angalizo: kuna kinywaji kinaitwa lemon lime and bitters, kinakaa na soda kwenye menyu, rangi ya waridi, ila ile bitters (matone machungu ya kukolezea ladha) ina kilevi. Bekoni wanaitia hata usipotegemea, uliza. Nyama halali nunueni Brisbane mgandishe, huko mbele msitegemee.

BintiUnguja: Ahsante sana. Na maji ya Blackall kweli yananuka yai?
Jibu: Kweli, ni salfa. Yanatoka chini sana, kwenye bonde la maji ya ardhini lililochukua zaidi ya moja ya tano ya Australia, yanapanda yenyewe kwa presha na yanatoka ya moto. Teka kwenye jagi, acha wazi, harufu inaisha. Halafu wapeleke watoto bwawa la Blackall wakaoge humo, na uwaambie jirani na hapo mwaka 1892 Jack Howe alinyoa kondoo 321 kwa siku moja, kwa mkasi wa mkono.

Juma_Perth: Nyongeza, mkija huku jimbo la Australia Magharibi asali na matunda mnanyang'anywa mpakani, maliza kabla.

MamaNeema: Na neti za kichwani za nzi, Longreach wale sio wa kawaida.

Kobe_Ipswich: Hema la watu wangapi?
Jibu: Mko wangapi?