Unapohisi Kumbukumbu Yako Inapungua: Namna ya Kuifuatilia Kabla ya Kumwona Daktari

Mtu anaposema, "Siku hizi nasahau mno," mara nyingi hujibiwa kwamba huo ni uzee tu, na mazungumzo huishia hapo. Jibu hilo lina haraka. Mabadiliko ya ubongo yanayoleta ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu kumbukumbu polepole, huweza kuanza miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili za wazi, na wapo wanaoyahisi kabla ya kipimo chochote kuonyesha kasoro. Hata hivyo, wengi wenye malalamiko hayo hawapati demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra hadi kuvuruga maisha ya kila siku, kwa hiyo usianze kwa hofu. Anza kwa kuandika.

Tenga daftari, na kwa muda wa wiki nne uandike kila tukio siku hiyohiyo: ulisahau nini, ulikuwa ukifanya nini, usiku uliotangulia ulilala vipi, na iwapo jambo lenyewe lilikurudia. Kuandika "nimesahau jina" hakutoshi. Andika hivi: "Jumanne asubuhi, jina la jirani yangu wa miaka kumi lilinipotea, likanijia jioni nikiwa nafua." Jina lililorudi lenyewe halitishi sana. Lenye uzito zaidi ni kuuliza swali lilelile mara ya tatu bila kukumbuka kwamba ulishajibiwa, au kupotea katika njia unayoipita kila siku.

Jilinganishe na ulivyokuwa miaka mitano iliyopita. Kisha mwombe mtu anayeishi nawe aandike aliyoyaona yeye, kabla hajasoma yako. Hili nalisisitiza, kwa sababu ugonjwa unapoendelea, mhusika huweza kushindwa kuuona upungufu wake mwenyewe.

Kwa daktari, nenda na daftari pamoja na dawa zako zote, hata zile ulizojinunulia, kwani baadhi ya dawa za usingizi na za mzio huvuruga kumbukumbu. Uliza kuhusu upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi, usikivu, usingizi na sonona, ambavyo vingi vyake hutibika. Ukipimwa kumbukumbu kwa maswali na ukaambiwa uko sawa, hifadhi alama zako na uombe kupimwa tena baada ya mwaka, maana msomi aliyeshuka kutoka kiwango chake cha juu bado huweza kufaulu.

Lakini mkanganyiko ukizuka ghafla, ndani ya saa au siku chache, usingoje daftari lijae: nenda hospitali siku hiyohiyo.