Kupanga likizo ya pwani ya Mediterania ukiwa Kigoma

Mkazi wa Kigoma anayetaka kwenda kupumzika katika miji ya pwani ya Mediterania anashauriwa aanze na kalenda kabla ya kutazama picha ya hoteli yoyote, kwa sababu mwambao huo unaosifiwa kwa jua una miezi ambayo maji yake hayaingiliki. Kiangazi chake kinakaribiana na chetu: wakati Kigoma imekauka kuanzia Mei hadi Septemba, Nice ya Ufaransa, Málaga ya Hispania na Antalya ya Uturuki nazo huwa kavu, na mvua zao huja zaidi kati ya Oktoba na Machi, pamoja na baridi. Tofauti kubwa iko majini. Ziwa Tanganyika halibadiliki sana joto lake mwaka mzima, ilhali bahari ya Nice hufikia nyuzi 24 hivi mwezi Agosti na kushuka hadi karibu nyuzi 13 mwezi Februari. Mwalimu anayetegemea likizo ya Desemba ajue kwamba ufukweni atatembea akiwa amevaa koti. Hilo si baya kwa anayelitaka, kwani matajiri wa Uingereza walioujengea mwambao wa Côte d'Azur, ulipo mji wa Nice, sifa yake katika karne ya 19 walikwenda huko wakati wa baridi ili kukimbia baridi kali zaidi ya kwao, na msimu wa kiangazi ulishika kasi miaka ya 1920 tu.

Kwa maoni yangu, miezi inayofaa ni Juni na Septemba. Juni inaoana na likizo ya shule zetu, na mchana wake ni mrefu kupita tulivyozoea. Septemba bahari bado inahifadhi joto la Agosti, huku wenyeji wengi wakiwa wamekwisha kurudi makazini. Agosti yenyewe mwenye mfuko wa kawaida aiepuke, kwa kuwa Waitaliano na Wafaransa wengi huchukua likizo mwezi huo kwa pamoja, Italia ikiwa na sikukuu yake ya Ferragosto tarehe 15, na vyumba huwa haba na ghali. Mei nayo ina mtego wake: tamasha la filamu la Cannes hufanyika mwezi huo, na kwa siku hizo bei za malazi hupanda Cannes na miji ya jirani. Mbio za magari za Monaco, ambazo kwa miaka mingi zilifanyika mwishoni mwa Mei, zimesogezwa hadi mapema Juni kuanzia 2026, kwa hiyo anayekwenda Juni apange kufika baada ya mbio hizo kumalizika.

Baada ya mwezi huja mji, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Watu wengi huchagua jina walilolisikia, kama vile Saint-Tropez ya Ufaransa au Marbella ya Hispania, bila kujua kwamba miji hiyo miwili haina stesheni ya treni, na kwamba katika msimu barabara ya kuingia Saint-Tropez hufurika magari kiasi cha kumla mtu nusu ya siku. Kanuni ninayoipendekeza ni hii: lala kwenye mji ulio juu ya reli, hata kama jina lake halisifiki, kisha tembelea miji yenye majina kwa treni na kurudi jioni. Ukilala Nice, treni za mkoa hukupeleka Monaco kwa takriban dakika 25 kupitia Villefranche-sur-Mer na Beaulieu, huendelea hadi Menton na kuvuka mpaka kuingia Ventimiglia ya Italia, na upande wa pili hukufikisha Antibes na Cannes. Monaco ina eneo la kilomita za mraba 2 hivi tu, na mtu anaweza kuitembea kwa miguu asubuhi moja bila kulipia chumba huko. Kwenye mwambao wa Costa del Sol, reli ya mjini Málaga hupita uwanja wa ndege, kisha Torremolinos na Benalmádena, na kuishia Fuengirola; huna haja ya teksi hata siku moja. Italia ina Rimini, iliyo kwenye bahari ya Adriatiki na yenye ufukwe wa mchanga wa kilomita 15 hivi, ambayo treni za kutoka Bologna huifikia moja kwa moja. Benidorm ya Hispania inafaa kwa anayependa msongamano na maghorofa: ulikuwa mji mdogo wa wavuvi hadi miaka ya 1950, na sasa una hoteli yenye urefu wa mita 186.

Uturuki na Tunisia zastahili kufikiriwa kwa uzito, hasa na familia za Kiislamu za Ujiji na Mwanga ambazo hazitaki kuuliza kila mlo umechinjwa vipi. Huko Antalya hoteli nyingi hutoza bei moja inayojumuisha chumba, milo yote na vinywaji, mpango unaomfaa mwenye watoto kwa kuwa gharama hujulikana kabla ya kuondoka nyumbani. Maji yake pia ndiyo ya joto zaidi kati ya niliyoyataja, yakifikia nyuzi 28 mwezi Agosti, wakati ya Málaga hubaki ya ubaridi kwa sababu maji ya Atlantiki huingia kupitia mlango wa Gibraltar. Tunisia ina Hammamet, Sousse na kisiwa cha Djerba. Nchi hizi mbili haziko katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo masharti yake ya kuingia huulizwa kivyake katika ubalozi husika.

Kwa anayekwenda Ufaransa, Hispania, Italia au Ugiriki, viza ya Schengen ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na umbali wa takriban kilomita 1,250 kwa reli kati ya Kigoma na Dar es Salaam unaifanya iwe kubwa zaidi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15; uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15 lakini unaweza kufika siku 45, kwa hiyo miezi mitatu kabla ni wakati mzuri wa kuwasilisha. Unaomba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, na siku zikilingana unaomba kwa ile utakayoingia kwanza. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na chini ya hapo hailipwi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka huko. Bima ya safari igharamie matibabu na kurejeshwa nyumbani kwa kiwango kisichopungua euro 30,000. Alama za vidole huchukuliwa ana kwa ana, na zikishachukuliwa hutumika kwa miezi 59, jambo linalomaanisha kwamba safari ya kwanza ya Dar es Salaam haikwepeki.

Kinachowaangusha wengi ni ushahidi wa fedha na wa kurudi. Mtumishi wa umma ana hati yake ya mshahara na barua ya mwajiri ya kumruhusu kwenda likizo, lakini mfanyabiashara wa migebuka au dagaa ambaye fedha zake hupita mkononi na kwenye simu anaweza kuwa na uwezo kuliko huyo mtumishi na bado karatasi zisimtetee. Mtu wa namna hiyo aanze mapema, miezi 6 au zaidi, kupitisha mauzo yake benki, ili taarifa ya akaunti ionyeshe mwenendo wa kawaida badala ya fungu kubwa lililoingizwa wiki moja kabla ya maombi, ambalo maofisa wa viza hulitilia shaka. Aambatanishe leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki nyumbani. Dalali anayeahidi viza ya uhakika aachwe kama alivyo, kwa kuwa hakuna mtu nje ya ubalozi mwenye uwezo wa kuahidi hivyo. Tiketi isilipiwe mpaka viza ipatikane, isipokuwa kama inarejesheka. Kwenye maombi, nafasi iliyoshikiliwa inatosha.

Njia yenyewe haina siri nyingi. Unaweza kuruka kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, au kwenda kwa treni ya reli ya kati hadi Dodoma na kumalizia kwa treni ya umeme iliyoanza huduma kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024. Kutoka Dar es Salaam, shirika la Uturuki hupitia Istanbul, ambako ndege za Antalya ni nyingi, na la Ethiopia hupitia Addis Ababa na kufika miji kama Roma. Ninachosisitiza ni kulala Dar es Salaam usiku mmoja wakati wa kwenda na mmoja wakati wa kurudi, kwa kuwa ndege ya Kigoma ikichelewa, shirika la nje halitakusubiri kama tiketi zilinunuliwa mbalimbali.

Ukishafika ufukweni, utagundua kwamba aliyekulia ziwani ana mazoea yanayomfaa. Mediterania haina maji kupwa na kujaa ya kutajika, tofauti na Bagamoyo au Zanzibar ambako bahari huondoka mbali. Maji hukaa palepale asubuhi na jioni kama ya Bangwe. Chumvi yake, karibu gramu 38 kwa lita, humwelesha mtu kwa urahisi lakini huwasha macho ya aliyezoea maji yasiyo na chumvi. Ufukwe wa Nice ni wa kokoto za mviringo, na hatua chache tu kutoka ukingoni kina huongezeka ghafla, kwa hiyo beba viatu vya majini na usimwachie mtoto. Anayetaka mchanga aende Cannes, au Lara badala ya Konyaaltı akiwa Antalya. Bendera nyekundu ina maana ya kutoingia majini hata kama wengine wameingia. Yavuyavu, viumbe laini wa baharini wanaowasha ngozi, huja na mikondo katika baadhi ya siku za kiangazi, na wenyeji wakitoka majini kwa pamoja nawe toka.

Viti na miavuli iliyopangwa safu si vya bure. Italia sehemu kubwa za fukwe huendeshwa na wafanyabiashara wanaokodisha kwa siku, huku vipande vya bure vikiwa vichache. Hispania ufukwe ni mali ya umma kwa sheria ya mwaka 1988, na unaweza kutandika taulo lako ukakaa. Mavazi ya kuogelea yaishie ufukweni, kwani miji kadhaa hutoza faini kwa wanaotembea nayo mitaani. Kwa mwanamke anayeogelea akiwa amejistiri, afahamu kwamba mwaka 2016 baadhi ya miji ya Ufaransa ilipiga marufuku vazi hilo ufukweni, na mwezi Agosti mwaka huohuo mahakama ya juu ya utawala ya nchi hiyo ikasimamisha katazo la mji wa Villeneuve-Loubet; mabwawa ya kuogelea ya manispaa, hata hivyo, yana kanuni zake.

Saa nazo zitakuchanganya kidogo. Mwezi Juni jua la Nice huzama baada ya saa tatu usiku, hivyo swala ya Magharibi husaliwa wakati ambao Kigoma watu wanajiandaa kulala. Hispania chakula cha mchana huliwa kuanzia saa nane na cha usiku kuanzia saa tatu, na jikoni nyingi hufungwa katikati. Málaga tafuta dagaa wakubwa wanaochomwa kwenye vijiti kando ya moto ufukweni: ni bei nafuu, na mla migebuka hatahitaji maelekezo. Uliza kuhusu nguruwe bila aibu, maana Hispania humweka hata kwenye supu ya mboga.

Shilingi haibadilishwi huko. Beba euro kiasi na kadi ya benki uliyoiarifu benki yako kwamba utaitumia nje. Hoteli za Ufaransa na za miji mingi ya Italia hudai kodi ndogo ya utalii kwa kila mtu kwa kila usiku, juu ya bei uliyolipa mtandaoni. Plagi zao ni za pini mbili za mviringo, lakini umeme ni wa volti 230 kama wetu, kwa hiyo kigeuzi cha pini kinatosha. Tunisia hairuhusu dinari zake kutolewa nchini, hivyo zitumie au zibadilishe kabla ya kupanda ndege. Ukinunua kitu cha thamani Ulaya, omba dukani fomu ya kurejeshewa kodi, na uigongeshe muhuri kwenye uwanja wa mwisho wa Umoja wa Ulaya kabla ya kukabidhi mizigo, kwa kuwa ofisa wa forodha anaweza kutaka kukiona kitu chenyewe.