Kabla hujapiga simu nje ya nchi, jua dakika moja inakula kiasi gani

Dada yangu yuko Muscat, kaka yuko Toronto, shangazi yetu yuko Moroni, Komoro. Kwa miaka nilidhani Toronto ndiko kunakonimalizia vocha, maana ndiko mbali. Siyo. Shangazi, ambaye sisi wa Unguja tumetenganishwa naye na bahari tu, ndiye simu yake ghali kuliko zote.

Ukipiga nje, mtandao wako unaulipa mtandao wa kule ada ya kuipokea simu na kuifikisha. Juu yake inaongezwa faida, kisha kodi. Ada hiyo Komoro ni kubwa, Kanada na Marekani ni ndogo mno. Umbali hauna usemi.

Kwa hiyo usikisie, pima. Chagua wakati huna bando la kupiga nje, uangalie salio na uliandike. Piga huku unatazama saa, kata, angalia tena. Mimi nilianza na shilingi 10,000, nikaongea na dada dakika 2 na sekunde 10, zikabaki 4,600. Nilishangaa, mpaka nilipogundua kuwa zile sekunde 10 zilihesabiwa dakika nzima: 5,400 kwa dakika 3, yaani 1,800 kila moja. Ukitaka hakika, piga tena sekunde 20 tu. Zikikatwa pungufu ya 1,800, wanahesabu kwa sekunde. Ikikatwa 1,800 yote, wanahesabu kwa dakika, na hapo inafaa ukate kabla ya dakika kugeuka.

Muulize na wa upande wa pili analipa ngapi akikupigia yeye. Bei ya kwenda na ya kuja si lazima zilingane, na pengine kubipu, ili apige mwenye bei nafuu, ndiyo njia ya haki kwenu nyote.

Bando la kimataifa usinunue kwa kuona wingi wa dakika. Soma orodha ya nchi. Niliwahi kununua moja nikampigia shangazi kwa raha zangu, kumbe Komoro haimo. Likaliwa salio la kawaida lote. Halafu gawanya bei kwa dakika utakazozimaliza kweli kabla muda haujaisha.

WhatsApp ni nafuu, lakini kuna nchi zinazoizuia, kwa mfano Dubai simu za WhatsApp zilizuiwa kwa miaka mingi, na shangazi anatumia kitochi. Na namba ya nje usiyoijua ikibipu mara moja ikakata, usiipigie. Mara nyingi ni mtego wa kukupeleka kwenye namba ya bei kali.

Shangazi nampigia Ijumaa baada ya sala, na karatasi mkononi: kwanza presha, pili dawa zimebaki ngapi, tatu nani wa kumpeleka hospitali. Salamu za watu wote wa nyumbani nazirekodi na kuzituma kwenye simu ya binamu yangu wa huko, shangazi azisikilize jioni bila haraka.