Kuotesha kangaga mti la St Helena

Dicksonia arborescens ni kangaga linalosimama kama mti, na kwa asili halioti popote ila kisiwani St Helena, katikati ya Atlantiki ya Kusini. Hata huko limebaki kwenye mgongo wa kisiwa tu, kuzunguka Diana's Peak, kilele cha zaidi ya mita 800 kinachoshinda ndani ya ukungu. Kila ninapoulizwa namna ya kulitunza, naanzia kwenye huo ukungu.

Halina mbegu. Lina spora, unga wa kahawia uliojificha ndani ya vikombe vidogo kwenye kingo za jani, upande wa chini. Vikombe vikianza kufunguka, kata kipande cha kuti, kitie katika bahasha ya karatasi, ukiweke pakavu siku mbili tatu. Unga utadondoka wenyewe.

Chekecha mboji ya majani, imwagie maji yanayochemka, ifunike mpaka ipoe. Hatua hii usiiruke. Mimi niliiruka mara ya kwanza, trei nzima ikamezwa na kuvu na mwani. Kwa mmea uliobakiwa na makao madogo kiasi hicho, iliniuma sana. Nyunyiza unga kiduchu juu ya mboji, usiufukie, kwani spora zinataka mwanga. Funika kwa kioo, weka mbali na jua kali.

Baada ya majuma kadhaa utaona utando wa kijani, halafu vijani bapa vyenye umbo la moyo. Usivitupe ukidhani ni mwani! Humo ndimo yanamokaa mayai na chembe za kiume, na chembe hizo hulifikia yai kwa kuogelea. Basi vipulizie maji yaliyochemshwa yakapoa, yatande kama umande. Pakikauka siku hizo, hupati mche.

Miche ikitoa vikuti vitatu vinne, ihamishe pamoja na udongo wake, kisha izoeze hewa ya nje kidogo kidogo.

Likikua, lipe udongo wa mboji usiotuamisha maji, kivuli chepesi, ubaridi usiofikia jalidi, na kinga ya upepo. Unapomwagilia, anza na shina. Limevikwa mizizi inayokunywa matone yanayotiririka kutoka kwenye makuti; kule St Helena hata miche ya miti mingine ya asili huota juu ya mashina haya. Mimi humwagia asubuhi, taratibu, kutoka juu, mpaka nikilibonyeza shina nihisi kama nimebonyeza sifongo.