Namna ya Kujikinga Ikiwa Kompyuta Yako Bado Inatumia Windows 10

Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki kwa sababu hiyo, na hapo ndipo wengi wanapojisahau: itaendelea kufanya kazi kama jana, ilhali kila udhaifu mpya unaogunduliwa, kama hukujiandikisha katika mpango wa masasisho ya nyongeza, unabaki wazi kwa wezi wa mtandaoni.

Anza kwa kujua toleo ulilo nalo. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter; kidirisha kidogo kitaonyesha jina na namba ya toleo. Kabla ya kugusa kitu kingine chochote, nakili nyaraka na picha zako kwenye diski ya nje, kisha uichomoe, kwa kuwa kirusi kinachofunga mafaili hufunga pia yaliyomo kwenye diski iliyochomekwa. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivuruga hospitali nyingi za Uingereza, ingawa sasisho la kuziba udhaifu kilioutumia lilikuwa limetolewa tangu Machi.

Kompyuta yenye Windows 10 halali, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa inayokubalika na Microsoft hupandishwa hadi Windows 11 bila malipo. Isiyokidhi masharti hayo, iwekee Linux Mint, mfumo endeshi mwingine unaochukua nafasi ya Windows, ambao ni wa bure. Nakusihi uepuke nakala za wizi za Windows, maana mara nyingi huja na virusi ndani. Mpaka utakapohama, usiitumie kompyuta hiyo kwa huduma za benki.