Fildi ya sheria: nenda kwenye majalada, achana na jina la ofisi

Msimu wa fildi (mafunzo kwa vitendo) ukikaribia wanafunzi wote wa sheria wa mwaka wa pili na wa tatu wanakimbilia zile ofisi za mawakili za ghorofani kule Posta, Dar, jina kubwa mlangoni, kiyoyozi, picha ya kupost. Na mimi nilikimbilia hukohuko fildi ya kwanza, wiki nane nzima nikatoa kopi na kupeleka bahasha, jalada pekee nililoshika ni la kulitoa kabati hili kulipeleka lile. Ya pili nikaenda mahakama ya mwanzo, washkaji wakanicheka, eti huko kuna kesi za kuku.

Sasa sikiliza. Mahakama ya mwanzo kila kitu ni Kiswahili toka zamani, kabla hata ya mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, halafu wengi wanakuja bila wakili kwahiyo unaona kesi inavyozaliwa. Siku ya tatu tu karani wa masjala alinipa jalada la mirathi nisome kabla halijaitwa. Cheti cha kifo kipo, muhtasari wa kikao cha ukoo upo, sahihi 11, nikaona limekaa poa. Hakimu akalifungua, akapitisha kidole kwenye majina, akauliza swali moja: "Mjane yuko wapi?" Kimya. Mjane alikuwa hai na hakuitwa kikaoni. Probate, yaani somo la mirathi, nilikuwa nimeisoma semista nzima na sikuliona hilo.

Kuomba nafasi: chukua barua chuoni mapema, miezi miwili kabla sio wiki mbili, iandikwe kwa Hakimu Mkazi Mfawidhi, ukitaka Mahakama Kuu ni kwa Msajili. Peleka mwenyewe, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo maana barua zinapotea sana. Omba sehemu tatu hivi. Vituo vya msaada wa kisheria kama LHRC na WLAC jaribu pia, kule utajifunza kumsikiliza mteja anayeanza story ya talaka kutokea harusini na wewe unatafuta tarehe tu.

Ukishaingia, salimia makarani vizuri. Sitanii, karani ndo anajua kesi gani leo ni ya kutajwa na ipi inasikilizwa, bila yeye utakaa benchi ya nyuma unasikia "upelelezi haujakamilika" mpaka jioni. Nunua kidaftari, kila kesi andika madai ni nini, hakimu aliuliza nini, imeahirishwa kwa nini, usiku ingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure, tafuta hukumu inayofanana. Mie hapo ndo nilielewa vifungu.

Mipaka sasa. Jalada halipigwi picha, halafu usiweke mambo ya mteja status hata ukificha jina, mtaa unajuana. Na ndugu wakishasikia uko mahakamani watakuletea mikataba uwaandikie kwa elfu kumi, kataa, kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo bila kuwa wakili ni kosa. Bado una LLB (shahada ya sheria) ya kumaliza, halafu Law School of Tanzania pale barabara ya Sam Nujoma, ambako mafunzo ya vitendo utayakuta tena na safari hiyo hayana mchezo.

Logibuku, daftari la kazi zako za fildi, isainiwe na supavaiza kila Ijumaa. Supavaiza wangu alienda likizo wiki ya mwisho, nikamfuata mpaka kwao Kibaha.